Kuitayarisha 504 ya baba kwa maonyesho, ukiwa uani kwako

Swali: "Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Peugeot 504 saluni ya 1979, rangi ya buluu isiyo na chembechembe za kumeta, na kwa ninavyojua haijawahi kupulizwa rangi upya. Inatembea vizuri, lakini rangi imepauka. Ukipitisha kidole unatoka na ungaunga. Mwaka huu nataka kuipeleka Nairobi kwenye maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse. Naishi Mombasa. Sina gereji, nina kivuli cha mwembe, maji ya kisima na wikendi nne. Jirani ananiambia niipake dizeli itang'aa. Fundi mmoja anasema niipulize yote upya. Nifuate lipi, na nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale uliposema haijawahi kupulizwa rangi upya. Kama ni kweli, basi hilo ni kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Rangi iliyopigwa kiwandani mwaka 1979 ikishaondoka hairudi. Ya fundi wa leo, hata akiwa na mkono mzuri namna gani, itakuwa rangi ya leo. Kwa hiyo usiipulize. Na dizeli iache kwa magari yanayoinywa.

Jirani yako hana nia mbaya. Nenda popote matatu zinapooshwa utaona kopo la dizeli na kitambaa, na gari likipakwa linang'aa kweli, kwa saa chache. Rangi iliyokauka ina vijitundu vidogo visivyoonekana, mafuta yanavijaza, na mwanga unapata mahali laini pa kupiga. Ikifika jioni vumbi limeganda juu yake. Kibaya zaidi ni mipira ya milango na ya vioo: inanyonya mafuta yale, inavimba na kulainika. Mipira yako ina miaka zaidi ya arobaini na kuipata mingine si kazi ya siku moja.

Sasa kuhusu unakokwenda. Africa Concours d'Elegance, yaani mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, ilianza mwaka 1970, inaandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo nchini Kenya, na pale Ngong waamuzi hawaishii kwenye mng'ao wa bodi. Wanatazama ndani, wanafungua buti, wanainua boneti, wanakagua magurudumu na kuchungulia chini ya gari. Pata kanuni za mwaka huu kutoka kwa waandaaji kabla hujanunua hata sponji moja, ujue gari lako linaingia daraja gani na alama zinatoka wapi. Nimeona vijana wakimaliza wiki tatu kwenye boneti, wakafika na tope la mwaka juzi ndani ya matao ya magurudumu. Anayekagua gari hupeleka mkono mahali ambapo mwenyewe hakupeleka wake.

Ndiyo maana nakwambia uanzie chini, kwenye uchafu, na rangi uifikie baadaye. Ukianza na rangi, grisi ya injini na tope la chini vitakurudia juu ya bodi uliyokwisha kuimaliza.

Kabla ya hapo, mahali. Kivuli cha mwembe nakionea shaka. Mwembe hudondosha utomvu, na huko Mombasa juu ya mwembe kuna kunguru, na kinyesi cha ndege kikikaukia kwenye rangi kavu namna hiyo kinaacha alama inayoingia ndani. Afadhali ukodi hema, lile la harusi, au ufunge turubai kwenye nguzo nne. Chini pawe na saruji. Kama ni mchanga, tandika turubai jingine. Kitambaa kikikuangukia mchangani kisha ukakiokota na kuendelea kufuta, umeshika msasa.

Wikendi ya kwanza, basi, ni ya kuchafuka. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, kisha liinue kwa jeki na ulilaze juu ya stendi za chuma, kabari nyuma ya magurudumu yaliyobaki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana. Toa magurudumu. Tope kavu likwangue kwa kijiti cha mbao na brashi ngumu kwanza, ndipo ulowanishe. Ukianza na maji unalisukuma kwenye mikunjo ya bati. Tafuta matundu ya kutolea maji chini ya milango na kwenye vizingiti, uyazibue kwa waya laini. Kwa gari lililokaa pwani hilo si la maonyesho tu: chumvi ya hewani na maji yaliyotuama ndani ya kizingiti ndivyo vinavyoila 504 kuanzia ndani hadi nje, na ukija kuona kiputo cha kutu kwenye rangi, ndani bati limeshakuwa ungo.

Ukikuta kutu ya juujuu, isugue kwa brashi ya waya hadi ufikie chuma, paka dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi isiyong'aa pale palepale ulipogusa. Usiipake sehemu yote ya chini lami mpya nyeusi. Anayekagua akiona lami inayonukia bado, swali lake la kwanza ni nini kimefunikwa.

Injini ioshe ikiwa baridi na betri imefunguliwa. Mashine ya maji ya presha iweke mbali kabisa. Funika kabureta, distribyuta, alteneta na tundu la mafuta kwa karatasi ya nailoni uifunge kwa mpira. Nyunyiza dawa ya kutoa grisi, ngoja dakika tano, sugua kwa brashi ya rangi iliyokatwa nywele fupi na kwa mswaki, futa, kisha suuza kwa maji ya mnyunyizo mdogo. Injini ya 504 imelazwa nyuzi 45, na hilo linakupa kazi ya ziada: upande ilikolalia pana pango ambalo mafuta na vumbi la miaka yote vimekaa humo bila mtu kuvisumbua. Jifungie kitambaa kwenye kijiti kirefu, uende polepole. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri utoe kwa magadi yaliyoyeyushwa majini, yale ya kuivishia maharagwe. Yanaua asidi, utayasikia yakichemka, kisha suuza. Ukikuta waya mpya wa rangi ya ajabu aliounga fundi fulani kwa tepu, ubadilishe sasa ungali na wakati. Kifuniko cha vali na mabomba viache na sura ya kazi, safi tu. Usivipake rangi ya fedha ya kopo.

Magurudumu uliyoyatoa yaoshe ndani na nje, yakauke, na mawe yaliyokwama kwenye kashata za tairi yang'oe moja moja kwa bisibisi. Tairi zisuguliwe hadi povu liache kutoka la kahawia. Usizipake yale mafuta ya kumetameta. Tairi nzuri ya maonyesho ni nyeusi iliyofifia, kama ilivyotoka dukani.

Haya, sasa rangi, na hapa nitakaa.

Jua kwanza una rangi gani. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, tone la polishi laini, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikitoka buluu, una rangi ya tabaka moja: rangi yenyewe ndiyo ya juu, hakuna klia, lile tabaka angavu lisilo na rangi, inayoifunika. Kwa buluu ya aina hiyo ya miaka ile ndicho ninachokitarajia, na ungaunga unaoukuta kidoleni unasema hivyohivyo. Kikitoka cheupe au kijivu, kuna klia juu, na huenda gari lilipulizwa bila wewe kujua.

Halafu jua una kiasi gani. Rangi ya kiwandani, tangu praima, yaani rangi ya msingi iliyo juu ya bati, hadi juu, kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 180. Unywele wako mmoja una mikroni 70 hivi. Kwa hiyo kila ulicho nacho juu ya bati ni unene wa nywele mbili, na ndani yake sehemu unayoruhusiwa kuigusa ni ndogo zaidi. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unene huo, na wakaguzi wa bima na mafundi rangi wakubwa wanacho. Omba kukiazima kwa nusu saa, upime kila kipande cha bodi mahali pengi na uandike. Kipande kikisoma 300 au zaidi, kimewahi kupulizwa au kina puti, ule ujazo wa kusawazisha bati lililobonyea, chini yake. Usipokipata, funga sumaku ndogo kwenye kitambaa na uipitishe taratibu: penye puti nene itashika kilegevu.

Nakusisitizia haya kwa sababu yamenifika. Nikiwa kijana nilipewa gari la mtu, jeusi, nikashika mashine ya kuzungusha ya kasi na kompaundi kali, ile polishi yenye chenga zinazokwangua rangi, na kwenye ukingo wa boneti nikapita mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Nikaona mstari wa kijivu umetokea chini ya mkono wangu. Ilikuwa praima. Mwenye gari alinisamehe, lakini ukingo ule haukurudi, na tangu siku ile sijagusa rangi ya mtu bila kujiuliza imebaki ngapi.

Wikendi ya pili osha. Ndoo mbili: moja ya shampuu ya magari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu ya kuoshea. Sabuni ya unga ya nguo ni kali mno kwa rangi iliyokauka. Lowanisha gari lote kwanza ili vumbi lianguke lenyewe, kisha osha kutoka paa kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka, na vizingiti viwe vya mwisho kwa glovu nyingine. Usioshe juani, wala bati likiwa na moto.

Maji yako ya kisima yatakutesa. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi na chokaa, na kila tone likikauka linaacha duara jeupe. Oshea hayo ukipenda, lakini msuuzo wa mwisho uwe wa maji ya mfereji, au bora zaidi maji ya mvua uliyokinga na kuyachuja kwa kitambaa, kisha kausha mara moja kwa taulo ya maikrofaiba nene, ukilaza na kuinua badala ya kuburuta. Madoa ya zamani ya chokaa yanaondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika moja, kisha suuza sana.

Likishakauka, vaa glovu nyembamba ya mpira na upitishe vidole juu ya boneti. (Zamani tulifanya hivi kwa mfuko wa plastiki, kabla haujapigwa marufuku Kenya mwaka 2017.) Utasikia chenga kama za mchanga laini. Hizo ni chembe za chuma, utomvu, na uchafu wa hewani uliojichimbia, na shampuu haiziwezi. Zinatolewa kwa udongo wa kusafishia rangi, unaouzwa kama kipande cha ubani mkubwa. Lainisha mkononi, nyunyiza maji yenye matone ya shampuu juu ya rangi, usukume udongo huku na huko bila nguvu hadi usikie unateleza kimya. Ukunje kila ukichafuka. Ukiuangusha chini, utupe. Najua una bei, utupe tu.

Hapa wengi hukimbilia mashine. Wewe ngoja, maana rangi ya tabaka moja ikipauka huwa ina kiu, na kuna hatua ya kuinywesha ambayo haili rangi hata kidogo. Kampuni ya Meguiar's ilianza Marekani mwaka 1901 ikitengeneza polishi ya samani, na mpaka leo wanayo ile namba 7, ambayo ina mafuta mengi na haina chenga. Ukiielewa rangi yako kama ubao wa kabati la bibi, utaelewa inavyofanya kazi. Ipake kwa kitambaa cha pamba cha taulo, nyingi, ukisugua sawasawa, iache usiku mzima, asubuhi uifute. Kitambaa kitatoka buluu. Huo ni ungaunga uliokufa, usishtuke. Sehemu zilizokuwa za maziwa utaziona zimekuwa nzito. Rudia kwenye paa na boneti, kwa kuwa ndizo zilizokula jua. Kama hiyo hupati, tafuta nyingine yoyote isiyo na chenga na yenye mafuta mengi, lakini usiniletee mafuta ya nazi: yanachacha, yananuka na kuita vumbi.

Mara nyingine hatua hii peke yake inatosha, na mimi ningependa ikutoshe. Ikiwa bado kuna vikwaruzo vya mviringo kama utando wa buibui ukimulika tochi, ndipo wikendi ya tatu upige polishi. Funga kwanza kingo zote na mistari ya bodi kwa tepu ya karatasi, hasa ule mkunjo wa kifuniko cha buti uliochorwa na Pininfarina na unaoitambulisha 504 kwa mbali. Penye kona rangi huwa nyembamba, na mashine hukandamiza hapo zaidi. Chagua kipande cha sentimita 40 kwa 40, jaribu kwa mkono kwanza: sponji laini, polishi laini kuliko zote. Rangi hizi za zamani mara nyingi ni laini, na mkono wenye subira unazifikisha mbali. Usiporidhika, panda ngazi moja tu: mashine ya mzunguko wa kutikisika, siyo ile ya kuzungusha peke yake. Ukiagiza kutoka Marekani angalia umeme wake, zao ni za volti 120 na soketi yako ni 240. Matone manne ya polishi, mwendo wa sentimita mbili au tatu kwa sekunde, mapito manne yanayokatana, uzito wa mashine yenyewe bila kuegemea. Futa, mulika, amua. Kilichofanya kazi hapo ndicho utakachotumia gari zima, na pedi uisafishe kila ukimaliza kipande, maana itajaa buluu.

Msasa wa 2000 au 3000 wa maji, ambao naamini utashauriwa na mtu, usiuguse. Mkwaruzo mrefu wa zamani ulioingia ndani upunguze makali, kisha uuache. Katika gari lenye rangi yake ya asili mkwaruzo wa mwaka 1985 si aibu, na kuufuata hadi mwisho wake ni kulifuata bati.

Nikros, yaani sehemu zenye kromiamu inayong'aa, na chuma kisichoshika kutu: kunja kipande cha foili ya aluminiamu ya jikoni, chovya majini, sugua vidoa vya kutu kwenye nikros. Aluminiamu ni laini kuliko kromiamu, haiikwaruzi, na vidoa vinatoka kama uchawi. Maliza kwa polishi ya chuma. Kama nikros imeshaanza kubanduka, pita kwa mkono mwepesi sana.

Nta iwe ya wikendi ya nne, bodi ikiwa imekwisha kukauka na kufutwa. Mimi kwa gari kama hili nachagua nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi 82 au zaidi, kwa hiyo jua la Mombasa haliitoi, na kwenye rangi ya tabaka moja inampa mtu ule uzito wa rangi anaoukumbuka. Tabaka jembamba, jembamba kweli, ukiona umepaka nyingi umepoteza. Ingoje ififie, futa, siku ya pili rudia. Zile dawa za kisasa za seramiki zinadumu na kwa gari la kila siku nazipenda. Kwa 504 ya baba sizitaki: zikishashika, kuziondoa ni kwa kusugua, na kusugua ndiko tunakokukimbia.

Ndani ni kazi ya siku moja na nusu. Toa viti kama unaweza, kuna miaka ya sarafu na njugu chini yake. Fyonza vumbi ukitumia brashi laini mkono wa pili kwenye mishono. Viti vya reksini vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, vifutwe, vikauke. Usivipake kitu cha kuvitelezesha. Dashibodi iliyopasuka kwa jua iachwe na ufa wake, isipakwe silikoni, kwa kuwa inarudisha mwanga kwenye kioo na ufa unaonekana mara mbili. Dari usiilowanishe: gundi ikishaachia, itakuning'inia kichwani. Harufu ya kukaa muda mrefu itoe kwa kikapu cha makaa yasiyowashwa, siku tatu, madirisha yamefungwa. Najua pwani tunapenda kufukiza, lakini usichome udi ndani ya gari hili. Moshi wake unaacha utando kwenye vioo na dari, na utaufuta wiki nzima. Vioo vyenyewe vifute kwa vitambaa viwili, kimoja cha unyevu na kimoja kikavu: ndani kwa mistari ya kulala, nje kwa mistari ya kusimama. Ukiona alama utajua iko upande gani.

Buti, wengi huisahau. Gurudumu la akiba lioshwe kama yale manne. Jeki na spana za kiwandani, kama mzee alizitunza, zisafishwe na zirudi mahali pake. Kibandiko cha zamani kwenye kioo, kadi ya huduma, hata daftari aliloandika mafuta na kilomita kwa mkono wake, usitupe. Gari hili lina historia barabarani Afrika Mashariki, 504 imeshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na anayelitazama atataka kujua lako limepita wapi.

Safari ya Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Ukiweza lipande juu ya lori lililofunikwa, vizuri. Usipoweza, liendeshe kwa raha, ulale Nairobi siku moja kabla. Wadudu waliokauka kwenye grili na taa walazie taulo lenye maji kwa dakika kumi, watajiachia. Wakikwanguliwa watakuharibia kazi ya wiki tatu. Tazama pia bomba la moshi. Kabureta iliyopangwa usawa wa bahari, ikifika Nairobi kwenye mita 1,700 na ushei, inachanganya petroli nyingi kwa hewa kidogo, na mdomo wa bomba unajaa masizi meusi. Mwambie fundi akupangie, kisha futa masizi. Pale uwanjani ni nyasi. Chukua brashi ndogo ya kutoa majani na udongo kwenye tairi ukishaegesha, dawa ya kufutia vumbi, vitambaa sita safi vilivyofungwa kwenye mfuko wa karatasi, na maji. Vumbi la uwanjani usilifute kikavu.

Kazi ya kwanza, hata kabla ya jeki, ni kile kitambaa cheupe kwenye ukingo wa mlango. Kifanye Jumamosi hii, kisha niandikie kimetoka rangi gani. Kikiwa cheupe badala ya buluu, mambo niliyokwambia kuhusu mafuta ya kunywesha yanabadilika, na nitakujibu upya kabla hujatoa shilingi yoyote dukani.